Mita Mia za Mwanzo: Barabara Kuu Inavyoingia Kifuani

Shangazi yangu amepanga vyumba viwili kati ya Ubungo na Kimara, Dar es Salaam, upande wa kusini wa Barabara ya Morogoro. Kutoka dirisha lake la mbele hadi kwenye lami nimehesabu hatua themanini. Kila Jumamosi anafuta wavu wa mbu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na kwa miaka mingi nilidhani anapambana na vumbi tu. Siku moja nikamsaidia. Kitambaa nilichofutia dirisha la uani kilikuwa na rangi ya udongo. Ukikisuuza mara moja kinatakata. Nilichofutia dirisha la mbele kilikuwa cheusi, kinateleza vidoleni kama kimegusa mafuta, na sabuni ya kipande haikufua dafu.

"Hili la mbele halina adabu, mwanangu," akaniambia. "Na kaskazi ikivuma ndiyo balaa kabisa."

Nimeyafikiria sana maneno yale. Bila mashine yoyote, mama huyu alikuwa ameshagundua mambo matatu ambayo watafiti wa afya wamehangaika nayo kwa zaidi ya miaka ishirini: uchafu wa barabara kuu si vumbi la kawaida, hatua chache kati ya mbele na nyuma ya nyumba zinaleta tofauti, na upepo ndio unaoamua nani ale moshi leo. Ninachotaka kueleza hapa kimejengwa juu ya hayo matatu. Tumezoea kusema "hewa ya mjini imechafuka", kana kwamba mji mzima unavuta hewa moja. Haivuti. Kando ya barabara kuu kuna ukanda mwembamba wenye hewa yake, na ukanda huo unapimwa kwa mita.

Hicho cheusi ni nini

Ni masizi: kaboni ambayo haikuungua ikaisha ndani ya injini, hasa ya dizeli, ikatoka kwenye bomba la moshi ikiwa imebeba mafuta na kemikali mgongoni. Vumbi la udongo ni kubwa. Likipeperuka huanguka, likivutwa hunaswa na vinyweleo vya pua na kamasi, unapiga chafya, yamekwisha. Masizi ni jambo jingine. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Chembe zinazoitwa PM2.5 hazizidi mikromita 2.5, maana yake unaweza kuzipanga zaidi ya ishirini kwenye upana wa unywele mmoja. Zile zinazotoka mbichi kwenye bomba ni ndogo kuliko hizo, nyingi zikiwa chini ya mikromita 0.1. Uzito wake ni kama haupo, kwa hiyo anayepima uchafuzi kwa uzito, ndivyo vipimo vingi vinavyofanya, hazioni. Lakini ukihesabu moja moja, ndizo zilizojaa kwenye hewa ya kando ya barabara.

Chembe hizi hupita pua, hupita koo, hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale ambapo hewa na damu vimetenganishwa na utando mwembamba kuliko karatasi. Baadhi yake huvuka. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walieleza kwamba wameikuta kaboni nyeusi kwenye kondo la nyuma la wanawake waliojifungua, tena upande unaomwelekea mtoto.

Pamoja na chembe zinakuja gesi: naitrojeni dayoksaidi, inayochubua njia za hewa na kuzifanya ziwe na hasira, kaboni monoksaidi, benzini. Na si kila kitu kinatoka kwenye bomba la moshi. Breki zikikamata husaga chuma, tairi husagika juu ya lami, na magari mazito huamsha upya kila kilichotua jana. Ndiyo maana hata siku barabara itakapojaa magari ya umeme, kando yake hapatakuwa kama shambani.

Dizeli inastahili kusemwa peke yake. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara na asbestosi. Barabara ya Morogoro hupitisha malori ya makontena kutoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia, Congo, Rwanda na Burundi. Karibu yote ni ya dizeli.

Kwa upande wa mafuta yenyewe, Afrika Mashariki imefanya kazi ambayo watu wengi hawaijui na inastahili heshima. Kufikia mwanzo wa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa kusini mwa Sahara, na kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Tatizo lililobaki liko kwenye injini. Magari yetu mengi yanaingia yakiwa yametumika miaka kadhaa kwingine. Kile kichujio ndani ya bomba la moshi, ambacho mafundi hukiita masega, kikiziba hukatwa na kuuzwa, na gari linaendelea na safari likiwa na bomba tupu.

Mambo ya mita

Mwezi Julai 2009, Nairobi, watu waliopewa mafunzo walizunguka mjini wakiwa na mabegi mgongoni, na ndani ya mabegi kulikuwa na vichujio vinavyovuta hewa na kukusanya chembe. Walipita barabara zenye magari mengi, walipita katikati ya mji, na walikwenda hadi nje ya mji kupata hewa ya kulinganishia. Kule nje walikuta mikrogramu 10.7 za PM2.5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kwenye njia ya waenda kwa miguu katikati ya mji, 98.1.

Lakini kipimo ninachokipenda ni kile cha kwenye makutano. Walianza pembeni mwa makutano ya barabara kubwa, wakakuta 128.7. Wakaenda mita 100 upande ule moshi unakopeperushwa, wakakuta 18.7. Mita 100 ni kama kutoka goli hadi goli. Mtu anayeuza mahindi ya kuchoma pale kwenye makutano, na mtu anayeuza mahindi yale yale mwendo wa dakika moja na nusu kutoka pale, hawavuti hewa moja. Wako mji mmoja, kata moja, pengine wanatumwa na tajiri mmoja, na mmoja anabeba karibu mara saba ya mzigo wa mwenzake.

Wakapima pia kwenda juu. Chini barabarani 119.5, juu ya paa la ghorofa ya tatu 42.8. Kumbuka mita 100 kwenda pembeni zilifanya kazi kubwa kuliko ghorofa tatu. Na faida hiyo ya kupanda juu inategemea magari yabaki chini. Nairobi tangu 2022 ina barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na kando yake ziko fleti ambazo ghorofa ya tatu inatazamana na magari ana kwa ana.

Kwa nini moshi unapungua haraka hivyo? Kwanza unachanganyika na hewa safi, kama tone la wino kwenye ndoo. Pili, chembe zile ndogo kabisa hazikai peke yake. Zinagongana, zinashikana, zinakuwa kubwa. Watafiti waliopima kando ya barabara kuu mbili za Los Angeles mwaka 2001, mojawapo ikiwa njia ambayo zaidi ya robo ya magari yake yalikuwa malori ya dizeli, waliona chembe hizo zikishuka vikali katika mita mia moja za mwanzo, na kufika mita 300 hivi hewa ikawa karibu sawa na ya mji kwa ujumla. Taasisi ya Health Effects Institute ya Boston, ilipokusanya tafiti za aina hii mwaka 2010, iliuweka ukanda unaoathirika zaidi katika mita 300 hadi 500 kutoka barabara kuu.

Sasa kuna jambo linalovuruga hesabu hii nzuri, na kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote kwetu. Hizo mita 300 ni za mchana. Kundi jingine la watafiti lilikwenda kando ya barabara kuu huko Santa Monica kabla jua halijachomoza, saa ambazo magari ni machache kuliko mchana. Walitarajia moshi kidogo. Walikuta moshi unafika karibu kilomita 2 upande ule upepo unakoelekea. Sababu ni hii: usiku ardhi inapoa, hewa iliyo karibu na ardhi inapoa nayo na kuwa nzito, na juu yake inatanda hewa yenye joto kama mfuniko wa sufuria. Upepo umelala. Moshi wa magari machache unabaki chini ya mfuniko, unatambaa mtaani polepole, na hauondoki mpaka jua liwashe ardhi na kuinua mfuniko.

Fikiria nani yuko barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mama anayekoroga uji wa kuuza kituoni. Kondakta. Na watoto wa shule, mabegi mgongoni, wamesimama ukingoni mwa lami wakisubiri daladala iwakubalie.

Halafu upepo. Pwani yetu ina bahati ya kuwa na pepo zenye kalenda. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi hivi. Barabara inayokwenda magharibi, kama ile ya Morogoro kutoka Ubungo, inapeleka moshi wake upande wa kaskazini wakati wa kusi, na upande wa kusini wakati wa kaskazi. Shangazi yuko upande wa kusini. Balaa analolisema lina miezi yake. Jirani yake wa ng'ambo ana balaa hilo hilo katikati ya mwaka.

Kama hali ni hiyo, takwimu ya mji mzima inamsaidia nani? Kituo cha kupimia kinawekwa juu ya paa la ofisi, kinatoa wastani, na wastani unaficha ukanda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza PM2.5 isizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mwaka na 15 kwa siku. Mji unaweza kuwa umezidi kidogo kwenye karatasi huku watu wa ukanda wakiwa wamezidi mara nyingi.

Mwilini

Nitakaa zaidi kwa watoto. Mapafu ya mtoto hayajakamilika; yanakua hadi anapofikia utu uzima, na yasipofikia kimo chake wakati huo hayapati nafasi ya pili. Kusini mwa California watafiti waliwafuata watoto 3,677 kuanzia umri wa miaka kumi kwa miaka minane, wakiwapulizisha kwenye mashine ya kupima pumzi. Mwaka 2007 wakatoa matokeo: watoto walioishi ndani ya mita 500 kutoka barabara kuu walikuwa na mapafu yaliyokua kidogo kuliko ya wale walioishi mita 1,500 au zaidi. Na hii ilionekana hata kwenye miji ambayo hewa yake kwa ujumla ilikuwa nzuri. Ukanda uliwapata hata huko.

Mtoto mmoja ana jina, kwa sababu mama yake alihakikisha hivyo. Ella Adoo-Kissi-Debrah aliishi Lewisham, kusini-mashariki mwa London, mita 25 hivi kutoka barabara ya South Circular. Alikuwa na pumu kali, akalazwa hospitalini zaidi ya mara ishirini na tano katika muda wa chini ya miaka mitatu, na Februari 2013 akafariki akiwa na miaka tisa. Mama yake, Rosamund, hakukubali maelezo ya mwanzo. Desemba 2020, baada ya uchunguzi mpya, ofisa anayechunguza vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo kile, na ukaandikwa kwenye cheti. Alisema pia jambo ambalo kila nikilisoma linaniuma: mama hakuwa amepewa taarifa kuhusu hatari ya hewa ile kwa mtoto mwenye pumu, na kama angepewa angechukua hatua ambazo huenda zingemwokoa. Mama aliyekuwa amezunguka hospitali zote zile, na hakuna aliyemwambia kuhusu barabara iliyo mlangoni kwake.

Kwa watu wazima, moyo ndio unaoumia zaidi, ingawa wengi tunafikiria mapafu tu. Chembe zikifika ndani, mwili unazichukulia kama adui. Kinga inaamka, mishipa inavimba kwa ndani na kukakamaa, damu inakuwa rahisi kuganda, presha inapanda. Kwa mtu ambaye mishipa yake ina mafuta tayari, siku moja kati ya siku hizo inatosha. Huko Augsburg, Ujerumani, watafiti waliwauliza watu walionusurika mshtuko wa moyo walikuwa wapi saa baada ya saa siku ile na siku zilizotangulia. Uwezekano wa mshtuko ulikuwa karibu mara tatu katika saa iliyofuata baada ya mtu kuwa kwenye msongamano wa magari. Hapo moshi umechanganyika na kelele na hasira za foleni, na sitadai kwamba moshi peke yake ndio wenye kosa. Lakini London kuna jaribio lililopunguza mchanganyiko huo: watu 60 wenye pumu walitembea saa mbili kwenye Oxford Street, ambako wakati ule magari yalikuwa mabasi na teksi za dizeli, na siku nyingine saa mbili ndani ya bustani ya Hyde Park. Watu wale wale, mwendo ule ule, mji ule ule. Pumzi zao zilishuka zaidi Oxford Street.

Ubongo nao unaguswa. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliohusisha watu milioni 6.6, ulikuta kwamba wanaoishi ndani ya mita 50 kutoka barabara kubwa walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa asilimia 7 zaidi ya wanaoishi mbali kuliko mita 300. Kwa mtu mmoja asilimia 7 ni ndogo, haitakiwi kumnyima usingizi. Kwa mji wenye mamilioni ya watu walioshikamana na barabara, ni wagonjwa wengi sana.

Labda ni umaskini tu?

Swali hili ni la haki. Wanaoishi kando ya barabara mara nyingi ndio wenye kipato kidogo, wanabanana vyumbani, wanapikia mkaa, wanachoma takataka uani, wanalala kwenye kelele. Utajuaje kwamba wanaugua kwa sababu ya magari?

Jibu zuri kuliko yote ninalolijua lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa anafikiria afya. New Jersey na Pennsylvania, Marekani, waliweka mfumo wa kulipia ushuru wa barabara bila gari kusimama. Kabla ya hapo magari yalipanga foleni kwenye vibanda vya ushuru, injini zikiunguruma, yakisimama na kuondoka. Baada ya hapo yakapita moja kwa moja. Wachumi wawili wakatazama kumbukumbu za uzazi. Miongoni mwa akina mama waliokuwa wakiishi ndani ya kilomita 2 kutoka vibanda hivyo, watoto njiti walipungua kwa asilimia 10.8 na watoto wenye uzito mdogo kwa asilimia 11.8, ukilinganisha na akina mama waliokaa mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo. Umaskini wao haukuwa umeondoka. Majiko yao ni yale yale. Kilichoondoka ni foleni.

Ndiyo maana mimi nikipita kwenye mizani ya magari nautazama mstari wa malori kwa jicho jingine. Mlolongo, ule mji wa kwenye Barabara ya Mombasa, umepata jina kutokana na mlolongo wa malori yanayosubiri kupimwa. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya injini zilizosimama zikiwaka.

Mkaa haujasamehewa. Moshi wa jikoni unaua, hasa wanawake na watoto wanaokaa nao, na mtu anayepikia ndani na pia anaishi kando ya barabara anapata vyote viwili kwenye mapafu yale yale. Nimesikia watu wazima wenye elimu wakisema kwamba kwetu tatizo ni mkaa, hivyo habari za magari ni za Wazungu. Hiyo si hoja. Namba za makutano ya Nairobi hazikuchukuliwa jikoni kwa mtu.

Ardhi ya mbele

Kwetu kiwanja cha barabarani ni mali. Fremu ya mbele inalipa kuliko ya ndani, mama ntilie anataka kuonekana, fundi anataka magari yasimame kwake, na shule binafsi inataka ubao wake usomwe na kila abiria. Barabara ni riziki, na anayeandika kuhusu moshi bila kusema hilo anajidanganya.

Kuna mita tunazozijua vizuri sana. Kwa Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007, barabara kuu kwa kawaida inatengewa mita 30 kila upande kutoka katikati, na mtu aliyejenga ndani yake anajua siku moja ataamka akute X nyekundu ukutani. Watu wa Kimara hadi Kiluvya, ambako nyumba nyingi zilibomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi, wanaijua lugha ya mita kuliko mimi. Lakini mita hizo zilipangwa kwa ajili ya barabara: ipate pa kupanuka, mabomba na nguzo zipate pa kupita. Hazikupangwa kwa ajili ya kifua cha mtu aliyeko mita 31.

Inawezekana kupanga kwa ajili ya kifua. California ina sheria ya mwaka 2003 inayozuia shule mpya ya umma kujengwa ndani ya futi 500, kama mita 150, kutoka barabara kuu zenye magari mengi, isipokuwa ikithibitishwa kwamba hewa haitawadhuru watoto. Hawakuhamisha miji, walisema tu, darasa jipya lisikae hapa. Na huko huko California, injini zilivyolazimishwa kuwa safi zaidi, wale watafiti wa mapafu ya watoto walirudi kupima kizazi kilichofuata. Kati ya waliopimwa miaka ya 1990, asilimia 7.9 walifika umri wa miaka 15 wakiwa na pumzi ndogo kiasi cha kumtia daktari wasiwasi. Kati ya waliopimwa 2007 hadi 2011, asilimia 3.6. Mapafu yanaitikia hewa ikibadilika, na hayakawii.

Kwa nyumba ambayo tayari iko kwenye ukanda, mambo ya kufanya ni machache lakini yapo. Kitanda cha mtoto na cha mgonjwa wa moyo kiende chumba cha nyuma. Madirisha ya mbele yafungwe alfajiri na jioni foleni inapokuwa nzito, na ya uani yaachwe wazi. Dar es Salaam kuna joto, kufunga yote ni kujitesa. Jiko litoke nje, upande wa nyuma. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe ndogo wala gesi. Zile nene za N95 huzuia chembe kama zimebana vizuri usoni, gesi hapana. Safu nene ya miti au ukuta huinua na kupunguza moshi kidogo, mti mmoja mmoja ni kivuli tu. Mwenye pumu apewe ratiba yake na pampu yake awe nayo mfukoni, si kabatini. Anayefanya mazoezi ya kukimbia kandokando ya lami alfajiri, nia yake ni njema lakini anavuta hewa nyingi zaidi kwa saa mbaya zaidi, mahali pabaya zaidi.

Shangazi hatahama. Kodi anaimudu, na biashara yake ya vitenge iko pale pale mbele. Alichokubali ni kuhamisha kitanda cha mjukuu wake, ambaye kifua chake hubana kila Februari, kwenda chumba cha uani. Kilichobaki ni safari ya shule. Mjukuu alikuwa anatembea ukingoni mwa lami mpaka kituoni, kwa sababu ndiyo njia ya mkato. Iko nyingine, inapita nyuma ya maduka, karibu na msikiti, halafu inatokea kituoni kwa upande wa pili. Wiki iliyopita tuliitembea naye alfajiri, mimi nikiangalia saa. Inamchelewesha dakika nne.